Asubuhi Nilizokosa Sauti

Siku nilipommwagia Ba kopo zima la maji kichwani, nilidhani namwokoa.

Nianze kwa kusema Ba ni nani. Ni mama mzee wa Kihindi anayekaa hapa Kamembe, nyuma ya duka la kijana wake, lile la saruji na mabati. Kwa lugha yao Ba ni mama, na mtaa mzima tunamwita hivyo. Alizaliwa Mwanza, akaolewa Bujumbura, akazeekea kwetu Rusizi. Kiswahili chake ni kile cha Tanzania kilichopigwa pasi. Changu ni cha Bukavu, ng'ambo ya mpaka, kimeokota maneno kila mahali, lakini tunasikilizana vizuri.

Mimi nauza mboga. Asubuhi nanunua lengalenga, karoti, biringanya na gombo, ambayo Ba anaiita bamia, kwa wakulima wanaotoka Nkungu, napanga kwenye beseni, napitia wateja wangu wa nyumbani, halafu ndiyo naenda kukaa kwenye meza yangu sokoni. Nyumba ya Ba ilikuwa ya kwanza siku zote. Yeye hali nyama, hali samaki, hali hata yai, na muntu asiyekula vitu vyote hivyo ni baraka tupu kwa muuza mboga.

Asubuhi ile nilikuta lango limerudishwa tu. Dada wa jikoni alikuwa amekwenda kufuata maziwa. Nikapita mpaka barazani kwa ndani, nikamkuta Ba ameketi kwenye mkeka, mgongo umenyooka, miguu ameikunja, macho amefumba. Mkono wa kuume ameuingiza kwenye mfuko mdogo wa kitambaa. Midomo haitikisiki.

"Ba, mwaramutse! Gombo ya leo ni laini, utanishukuru!"

Kimya.

"Ba? Ju ya nini unaninyamazia?"

Kimya vilevile. Mungu wangu! Kwetu, mzee akiketi hivyo asijibu salamu, kuna jambo moja tu: tansiyo, yaani presha, imemupiga. Mjomba wangu alikwenda hivyohivyo, kwenye kiti, mbele ya sahani ya sombe. Nikatupa beseni chini. Kando ya mkeka palikuwa na kopo la shaba limejaa maji, nikalinyakua, nikamwagia lote kichwani mwake, na hapohapo nikaanza kupiga kelele: "Kwa jina la Yesu, rudi! Roho ya mauti, muache! Ba, rudi!"

Majirani wakajaa. Mwendesha moto mmoja aliacha pikipiki inanguruma barabarani akaja mbio. Kijana wake Ba akatokea dukani, futi ya kupimia bado iko mkononi, uso umempauka. Na Ba? Ba alikaa hivyohivyo, maji yanamtiririka puani, vidole vyake vinasogea taratibu ndani ya kile kifuko. Kisha akatoa mkono, akagusisha kifuko kwenye macho yake moja baada ya jingine, akafumbua, akanitazama.

"Bamia umeleta?" akauliza.

Nilitamani ardhi ipasuke. Kijana wake alicheka mpaka akakaa kwenye mifuko ya saruji. Mama jirani wa Kinyarwanda akashangaa, "Yampaye inka!" akajifunika mdomo na kitenge.

"Nilikuwa nasali," Ba akaniambia. "Nilibakiza shanga chache tu, na mzunguko haukatwi katikati kwa mazungumzo. Nikasema moyoni, huyu atasubiri."

"Sala gani haina sauti?"

"Na yako, mama kelele, mbona inafika mpaka Bukavu? Mungu wako anakaa mbali?"

Watu wakaangua kicheko upya. Maji niliyommwagia, kumbe, yalikuwa ya kulimiminia jua. Ndiyo desturi yao ya asubuhi: jua likichomoza juu ya vilima, unalielekea, unamimina maji polepole na kuomba. "Leo jua limekosa," Ba akasema akijikamua sari, "nimepata mimi." Alinunua gombo zote zilizokuwa zimetawanyika sakafuni, na tangu siku hiyo tukawa marafiki.

Sasa lazima niseme kuhusu sauti yangu. Ilikuwa kubwa. Sijisifu. Basi, najisifu kidogo. Kwenye kanisa letu la uamsho mimi ndiye niliyekuwa nafungua maombi. Siku hizi hapa kwetu kelele za makanisa zinaangaliwa sana na serikali, na wengine walipozima vipaza sauti vyao wakapoa. Sisi hatukupoa, kwa sababu mimi sihitaji umeme. Sokoni walikuwa wananituma niwaite watu walio upande wa pili wa barabara.

Lakini kazi kubwa ya ile sauti ilikuwa mama yangu. Mama yuko Bukavu, juu Kadutu, anakaa na mdogo wangu wa kike. Miguu yake haimtoi tena nje ya kiwanja, na macho yanaona vivuli tu. Zamani nilikuwa navuka daraja la Rusizi ya Kwanza wakati wowote, namwogesha, namsuka, narudi jioni. Miaka hii mpaka una siku zake. Leo unapita vizuri, kesho unaambiwa rudi nyumbani. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla sijabeba beseni, nilimpigia simu. Mdogo wangu anaiweka sikioni kwa mama, mimi naomba. Naombea macho yake, naombea miguu, naombea mji, batoto, majirani, unga wa siku hiyo. Kila nikivuta pumzi, mama anasema, "Amina." Nikimaliza anasema, "Sasa siku yangu inaweza kuanza." Na ilikuwa kweli, maana mara moja mtandao uligoma, na mdogo wangu akaniambia mama alibaki kitandani mpaka mchana, hakutaka hata chai.

Baada ya ile siku ya maji, Ba alinipa ruhusa ya kuingia hata kama anasali, mradi niweke beseni chini na kufunga mdomo. Kuweka beseni niliweza. Kumbe anayo kabati ndogo karibu na jiko, ukifungua milango yake unakuta picha za miungu zimepambwa kwa maua, kitaa kidogo cha utambi unaowaka kwa samli, kengele ya kushika mkononi, ndizi mbivu, na fimbo ya udi inayotoa moshi. Mara ya kwanza nilisimama mbali, naogopa kidogo, nisiseme uongo. Tumelelewa kuambiwa hivyo ni vitu vya kukimbia. Lakini Ba alikuwa anafuta vumbi kwenye picha zile kwa ncha ya sari yake, taratibu, namna mama yangu alivyokuwa anatufuta sisi uso kabla ya misa, na hofu yangu ikakosa pa kukaa.

Nikaanza kumsumbua na maswali. Mimi ni muntu wa kuuliza.

"Ile ya kuelekea jua, mnaomba nini?"

Akanieleza kwamba wanauita mwanga wa yule aliyelifanya jua liwake, uiwashe akili ya anayeomba.

"Basi?"

"Basi."

"Na biashara? Na afya? Na maadui?"

"Biashara anaomba kijana wangu," akasema. "Mimi naomba akili. Nikiwa nayo, hayo mengine nitajua pa kuyaweka."

Siku nyingine nikamwuliza kuhusu mantra, lile neno la sala ambalo analirudia na kulirudia, ushanga kwa ushanga. Huanza na Om, sauti inayotoka kifuani na kufungwa kwenye midomo. Alipoitoa kwa nguvu nikasikia vikombe vinatikisika kwenye rafu.

"Neno lilelile kila siku, Ba! Mungu hachoki?"

"Watoto wako walipokuwa wadogo, walikuwa wanakuitaje?"

"Mama, mama, mama, kutwa nzima."

"Ulichoka?"

"Nilichoka sana!"

"Lakini uliitika," akasema, na akarudi kuchambua dengu zake.

Akanionyesha shanga zenyewe, nyingi kuliko za rozari ya mama yangu, zimechongwa kwa mti mkavu wa mrehani wao mtakatifu. Akanieleza kwa nini mkono unafichwa kwenye mfuko: ili watu wasione umesali kiasi gani wakaanza kukusifu. Mfuko una tundu pembeni, na kidole cha shahada kinatolewa nje kupitia hapo, kinabaki kimesimama peke yake. Hakiruhusiwi kugusa shanga.

"Kimekosa nini?" nikauliza.

"Ndicho cha kunyooshea watu. Ndicho cha kusema wewe, wewe, na mimi, mimi. Acha kisubiri nje."

Nilikitazama changu. Masikini, kina kazi nyingi sokoni.

Akaniambia pia kwamba neno la sala linasemwa kwa namna tatu. Kwa sauti, ili masikio yasiende kwingine. Kwa midomo tu, hata aliye kando yako asisikie. Na kwa moyo, ulimi umelala kabisa. Zote ni nzuri, ila hiyo ya tatu ndiyo ngumu, kwa hiyo waliowafundisha waliiweka juu. Na neno likishazoea kwenda lenyewe, unaliacha nalo, unabaki umekaa tu, na hapo ndipo kutafakari kunapoanza.

"Ba, samahani, hiyo ya tatu ni ya wavivu."

"Ijaribu," akasema, anacheka.

Sikujaribu. Sauti yangu ilikuwa ya kazi gani?

Halafu koo likaanza. Mwanzoni ulikuwa ukwaruzo wa kawaida, nikanywa chai ya tangawizi na asali, nikaendelea kupiga kelele sokoni na kanisani. Tulikuwa na wiki ya maombi na mimi ndiye niliyeiongoza. Siku ya mwisho nilihisi kitu kama mwiba, nikaupuuza, nikaimba. Asubuhi iliyofuata nikampigia mama. Mdogo wangu akaiweka simu sikioni kwake, nikafungua mdomo, na hakuna kilichotoka. Upepo tu.

"Alo?" mama akasema. "Alo? Mwanangu?"

Nikasukuma tena. Upepo.

"Alo! Kuna nini? Nani amekufa?" Na mama yangu akaanza kulia, huko upande wa pili, na mimi sikuweza hata kumwambia nyamaza, hakuna aliyekufa. Nilikata simu, nikamwandikia mdogo wangu ujumbe. Nilikaa chini jikoni kwangu nikalia kwa kinywa wazi, bila sauti, na kilio cha namna hiyo hakimtoi muntu chochote rohoni.

Dokta alipitisha kamera nyembamba kooni, akaniambia nina vinundu kwenye nyuzi za sauti. Dawa ni kunyamaza. Si kusema polepole, si kunong'ona, maana kunong'ona nako kunaziumiza. Kunyamaza kabisa, wiki kadhaa, kisha tutazame. Vikipungua, vizuri. Visipopungua, watakata, na wakikata hawezi kuniahidi sauti itakayorudi ni ipi. Nikamwonyesha kwa mkono: hata kuomba? Akatabasamu. "Hasa kuomba," akasema, maana alikuwa ananisikia kila Jumapili kutoka nyumbani kwake.

Mume wangu anafanya kazi Bugarama kwenye kiwanda cha saruji, anarudi mwisho wa wiki. Aliporudi alisema nyumba imekuwa na amani kama hoteli. Usiku wa pili akaniambia, "Inatosha sasa, gombana na mimi hata kidogo." Sokoni nilionyesha bei kwa vidole, na wateja waliokuwa hawapunguziwi kitu wakanilalia vibaya. Kuna kina mama wa kanisani walionong'ona kwamba nimefungwa koo na udi wa Ba. Na mimi siwezi kujibu! Hebu fikiria, mimi, kusengenywa mbele ya uso wangu nikae kimya. Pasta aliwaambia waniache nipone, Mungu ambariki, lakini hata yeye alimpa mwingine kufungua maombi.

Yote hayo ningevumilia. Kilichonikata maini ni mama. Mdogo wangu aliniandikia: mama hataki kuamka. Mama anauliza kama kweli u mzima au tunamficha. Mama anasema siku hazianzi.

Nilipeleka mboga kwa Ba, nikaziweka, nikageuka niondoke. Yeye alikuwa amesikia habari zangu kutoka kwa dada wa jikoni. Akanishika kiwiko. Nikamwandikia kwenye simu yangu, akaivuta karibu na miwani yake akasoma: Mama yangu anakufa kwa sababu siwezi kumuombea.

Hakunipa pole. Alikunjua mkeka wa pili.

"Kaa," akasema.

Nikatikisa kichwa: mimi ni wa Yesu.

"Nani amesema umwache? Chukua jina lake. Unalo tayari, kwa nini nikupe langu? Langu alinipa mwalimu wangu, hata kijana wangu halijui." Akakaa karibu yangu, magoti yake yakalia. "Ukivuta pumzi, mwite. Ukishusha pumzi, mwambie shida yako, neno moja au mawili. Basi. Usiongeze."

Nilikuwa na maharage makavu kwenye mfuko wa gauni, yale ya kuonyeshea wateja. Nikaanza kuyahamisha moja moja kutoka mkono huu kwenda huu. Yesu, nikavuta. Nihurumie, nikashusha. Yesu. Nihurumie. Yesu. Karoti za jana zitaoza. Yesu. Yule mama mnafiki na kilemba chake! Nihurumie. Nikafumbua macho, nimechoka kuliko siku ya kubeba magunia.

"Imekwenda sokoni?" Ba akauliza. Nikakubali. "Ya kwangu pia inakwenda, mpaka Mwanza inakwenda. Iache inunue inachonunua, halafu iite irudi. Usiigombeze."

Kila asubuhi nikawa nakaa naye. Na kwa kuwa siwezi kuuliza, nikaanza kusikia. Nilisikia makasia ya wavuvi ziwani, kumbe yanafika mpaka pale. Nilimsikia Ba akipumua. Kuna asubuhi moja maharage yaliisha mkononi na sikuwa nimekwenda popote. Nilikuwa pale tu, na sikuwa peke yangu, na sitajaribu kueleza zaidi ya hapo. Nilifumbua macho machozi yananitoka, na si ya huzuni. Ba alijifanya hakuona, akanimenyea ndizi ya kwenye kabati, akanipa nile.

"Sasa mpigie mama yako," akasema.

Nikamwonyesha koo.

"Wewe! Nimekufundisha nini siku zote hizi? Mpigie. Kaa naye vilevile unavyokaa hapa."

Kesho yake, saa ile yetu, nikamwandikia mdogo wangu: mwambie mama ni mimi, nimo kwenye simu, ninamuombea kwa moyo, asikate. Nikapiga. Nikamsikia akimweleza, nikasikia kitanda kikilia, nikasikia simu ikikwaruza kitambaa cha kichwa cha mama. Nikafumba macho. Yesu, nikavuta. Mama yangu, nikashusha.

Nilikuwa nangoja aseme alo, alo, aanze kulia tena. Hakusema. Nikasikia pumzi yake, nzito, na baadaye kidogo nikagundua inakwenda sawa na yangu.

Ndipo mama yangu akaanza kuomba.

Aliomba kwa Kimashi, kwa sauti ya chini, sauti ambayo nilikuwa siijui. Nimeishi na mama huyu, nimenyonya kwake, nimemwogesha, na sikuwahi kumsikia akiomba kwa maneno yake mwenyewe. Kwenye misa aliitikia na wengine. Kwenye rozari midomo ilikuwa inakwenda tu. Kwenye simu ni amina. Nilikuwa nadhani hana maneno.

"Nyamuzinda," akasema, ndivyo tunavyomwita Mungu kwetu, "huyu mtoto alizaliwa akilia mpaka masista wakafunga madirisha. Ile sauti ulimpa wewe, mimi sikuiomba. Imenitunza miaka hii yote. Kama unaihitaji huko kwako, ichukue. Lakini yeye mwenyewe uniachie."

Hapo niliufunika mdomo kwa mkono, si kwa sababu ya dokta. Akaendelea. Alimwombea mume wangu na vumbi la saruji linaloingia kifuani mwake. Aliombea beseni langu. Alimwombea "yule mama wa Kihindi anayekaa na mwanangu," maana mdogo wangu alikuwa amemsimulia, akaomba Mungu amlipe mahali ambapo mimi siwezi. Alipomaliza alikaa kimya kidogo, kisha akasema mwenyewe, "Amina," kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kusema. Halafu akamwambia mdogo wangu, "Nipe chai."

Nilikimbia kwa Ba na mikono mitupu, nikasahau hata mboga. Nikamweleza kwa vidole, kwa macho, kwa kuandika, mambo yote yamechanganyika. Alisoma, akanitazama juu ya miwani.

"Kumbe anajua hivyo," akasema. "Na ile miaka yote, mama wa watu alikuwa anapata nafasi saa ngapi?"

Nilicheka mpaka mabega yakaruka, kicheko cha upepo.

Hivyo ndivyo wiki zile zilivyokwenda. Alfajiri simu, mama anaomba, mimi niko kimya upande huu wa mto nahesabu maharage. Halafu kwa Ba, mikeka miwili. Nilikuwa naogopa kisu cha dokta, sikatai. Lakini mama alikuwa anaamka, anakunywa chai yake, anamgombeza mdogo wangu kuhusu chumvi, na kila niliposikia hivyo hofu ilishuka kidogo. Nilimshukuru Mungu kwa Ba kwa majina yote ninayoyajua.

Niliporudi hospitali dokta alitazama kwa muda mrefu. Vinundu vimenywea. Hakuna kukata. Akaniruhusu kuanza kesho, neno moja hapa, jingine pale, bila kupandisha. Nikatoka nimeshika mdomo kwa mikono miwili, naogopa neno lisinitoroke barabarani, maana nilitaka la kwanza liwe la mama.

Usiku ule nilipanga maombi makubwa. Nilikuwa na shukrani za kumwaga. Nilipanga nitaanza wapi, nitapandia wapi, hata kama ni kwa sauti ya chini. Asubuhi nikapiga simu. Sikuwa nimewaambia kitu. Kitanda kikalia, kitambaa kikakwaruza, nikavuta pumzi nianze, na mama akawa ameshaanza.

"Nyamuzinda," akasema.

Nikafunga mdomo. Nikasubiri. Aliomba kama kawaida yake, bila haraka, akapita kwangu, kwa mume wangu, kwa beseni, kwa Ba. Alipofika mwisho akatua, kama alivyokuwa akitua kila siku kabla ya kujiitikia mwenyewe.

"Amina," nikasema.

Ilitoka ya chini, ya kukwaruza, sauti ya mama mwingine kabisa. Kisha nikasikia kikombe kikianguka na mama akimpigia mdogo wangu kelele, "Ni yeye! Umesikia? Ni yeye!" Sasa nimejua kelele zangu nilizirithi wapi. Walilia wote wawili na mimi nikalia, safari hii kwa sauti, sauti kidogo niliyoruhusiwa.

Walipotulia nikamwuliza, polepole, "Maman, leo nikuombee?"

Akafikiri. Nilimsikia akifuta pua.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Bado zamu yangu. Wewe sema amina, hiyo inatosha."